Swali la lugha: "Maoni" ya nani?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni kijana wa Igoma, hapa Mwanza, naandika programu za kompyuta. Kikundi cha wafanyabiashara wa dagaa pale mwaloni Kirumba kilinipa kazi ya kutengeneza programu ya kuhesabu magunia na kukokotoa bei. Nilipomaliza nikatumia zana inayosoma yale tunayoandika katikati ya msimbo, yaani amri zinazounda programu, na kuyapanga yawe kurasa. Juu ya ukurasa wa kwanza nikaweka: "Nyaraka hii imejizalisha kiotomatiki kutoka kwa maoni ya msimbo chanzo." Mzee katibu akasoma, akavua miwani, akaniuliza, "Maoni ya nani?" Nikakosa jibu. Kufika ukurasa wa nne akakuta mstari niliouandika usiku nikiwa nimechoka: "Sijui kwa nini hapa inafanya kazi, usiguse." Akataka kujua asiguse nini. Sentensi yangu ina kosa gani, na ingepaswa kuwaje?

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Makosa yako ni zaidi ya moja, ila la katibu ndilo kubwa, basi tuanze nalo.

Maoni yametoka kwenye kuona. Ukilitaja neno hilo, msikilizaji anamtafuta mwenye macho: fulani ameona hivi, mwingine ameona vile. Mitandao ya kijamii imetuzoesha "toa maoni" chini ya picha ya harusi, na pale neno limekaa mahali pake. Wenzako wa kompyuta walikuta Kiingereza kinatumia neno moja, "comment", kwa mambo yote mawili, wakalihamisha na Kiswahili chake bila kulipima. Lakini mtu aliyeandika juu ya kipande cha msimbo kwamba uzito uingizwe kwa kilo wala si kwa gramu, ameona nini? Hakuona kitu. Ameeleza. Hayo ni maelezo.

Nenda hapo hapo Kirumba asubuhi, boti za visiwani zikishusha. Kila gunia la dagaa limeandikwa ubavuni kwa wino mzito: jina la mwenye mzigo, mwalo lilikotoka, pengine na namba. Mlaji wa dagaa hayasomi yale maandishi, na kikaangio hakiyajui. Yanasomwa na mbebaji, na yanasomwa na karani anayepita na daftari lake, gunia kwa gunia, akinakili. Jioni daftari lina orodha nzima ya mzigo, imenyooka, na karani hajaongeza neno lake hata moja. Kama ubavuni paliandikwa Nansio na gunia limetoka kwingine, daftarini patasomeka Nansio, tena kwa mwandiko mzuri zaidi.

Zana yako ni karani wa namna hiyo. Kompyuta inapoendesha programu huyaruka maelezo kama kikaangio kinavyoliruka jina la mwenye gunia. Zana huja kwa mlango mwingine, ikayaokota yale yale aliyoyaacha mwenzake. Kazi hii si ngeni: zana iitwayo Javadoc ilikuja pamoja na Java, lugha ya kuandikia programu, katikati ya miaka ya 1990, na nyingine, Doxygen, inayotumiwa sana na watu wa lugha ya C++, ikatoka mwaka 1997. Katika lugha ya Python mambo ni tofauti kidogo, maana maandishi yanayofungwa kwa alama tatu za kunukuu mwanzoni mwa kipande hayarukwi. Programu hubaki nayo, na ukiomba msaada inakusomea. Neno "maelezo" linatosha huko pia. "Maoni" lisingetosha popote.

Sasa kuna jambo ambalo nadhani Kiswahili kinaweza kulisema vizuri kuliko tunavyolisema. Javadoc haiokoti kila kitu. Inaokota yanayofunguliwa kwa mkwaju na nyota mbili, hivi:

/**
 * Hukokotoa bei ya gunia moja la dagaa.
 * @param uzito uzito wa gunia kwa kilo
 * @return bei kwa shilingi
 */

Yenye nyota moja inayapita. Kwa hiyo mikononi mwako una maandishi ya aina mbili: ya kutoka nje, ambayo mgeni atayasoma, na ya ndani, ya kumnong'oneza mwenzako atakayefungua faili mwakani. Mbona tuyaite kwa jina moja? Ya nyota mbili yabaki maelezo. Ya nyota moja mimi ningeyaita madokezo. Waliofanya kazi serikalini wanalijua dokezo: karatasi fupi inayozunguka ndani ya ofisi, bosi anaandika chini yake, haiendi kwa mwananchi. Wapo wanaopendekeza "tanbihi", nami silipendi hapa. Tanbihi imezoea kukaa chini ya ukurasa wa kitabu, na hii yako inakaa juu ya kazi yenyewe.

Ona pia nilivyoandika "Hukokotoa" badala ya "Inakokotoa" au "Kokotoa". Hu- ni ya mazoea, jambo linalofanyika kila mara likiitwa, na haidai kiambishi cha ngeli. Hutahangaika kama ni kipande kinakokotoa, sehemu inakokotoa au msimbo unakokotoa. "Kokotoa" tuwaachie wanaotoa amri.

Tuje kwenye "imejizalisha". Hapa nilicheka, unisamehe. Kuzalisha ni kumfanya mtu azae. Ndiyo kazi ya mkunga. Twasema pia kuzalisha umeme na kuzalisha mali, na hilo limekwisha kukubalika. Ila ukiweka -ji-, mimi nakuja na picha ya mama aliyefikwa na uchungu njiani, hakuna wa kumsaidia, akajizalisha. Halafu umeongeza "kiotomatiki", kana kwamba kujizalisha peke yake hakutoshi. Na si kweli kwamba nyaraka zilijifanyia lolote. Zana ilikusanya ulichoandika wewe. Kukusanya ndicho kitenzi, na kinamweka mwandishi mahali pake: kikikosekana kitu, ni kwa sababu hukukiandika.

"Nyaraka hii" ni kosa la upatanisho tu. Waraka huu, nyaraka hizi. Nalisikia kila siku hata kwa watu wenye shahada, na bado ni kosa.

"Kutoka kwa" hutangulia mtu: barua kutoka kwa mama, salamu kutoka kwa mjomba. Kwa kitu tumia "kutoka kwenye" au "kutoka katika". Ndugu zetu wa Kenya hawasumbuki sana na tofauti hii. Huku kwetu sikio bado linaisikia, na huenda ndiyo iliyomfanya katibu atafute mtu ndani ya sentensi yako.

"Msimbo" umefanya vyema kulishika. Nimewasikia vijana wakisema "nimeandika kodi usiku kucha", nikabaki najiuliza ni ya nyumba au ya mapato. Hilo la "chanzo" liache tu. Msomaji wako hatapotea bila yake.

Basi andika: "Nyaraka hizi zimekusanywa na programu kutoka kwenye maelezo yaliyomo ndani ya msimbo."

Ingawa, kusema kweli, mzee katibu hakupaswa kupewa kurasa hizo. Zinaeleza kila kipande kinapokea nini na kurudisha nini, na hayo ni ya fundi mwenzako atakayekuja kurekebisha. Yeye anataka kujua abonyeze wapi gunia likiwa limepimwa na umeme ukikatika kabla hajahifadhi. Huo ni mwongozo, na hakuna zana itakayoukusanya kutoka kwenye msimbo, kwa sababu haumo. Kaa naye saa moja pale mwaloni, andika kwa mkono.

Na ule mstari wa ukurasa wa nne, "sijui kwa nini hapa inafanya kazi", hayo ndiyo maoni hasa. Umeona, ukasema. Punguza nyota moja, na katibu hatayakuta tena.