Fundi, Iliteleza Tu: Maswali Yenu Kuhusu Bodi Zilizoumia

Barua nyingi za wiki hii zinahusu kitu kimoja: ubao mama wa kompyuta, ambao sisi mafundi tunauita bodi tu. Nusu ya barua hizo zilianza na maneno "iliharibika yenyewe". Nimekaa kwenye meza ya kulehemu hapa Kisumu miaka ya kutosha kujua kwamba bodi haijimwagii chai. Nimechagua zile zilizosema ukweli.

Fundi, nilikuwa nasahihisha mitihani, mtoto akagonga kikombe na chai ya maziwa ikaingia kwenye laptopu. Niliipangusa, nikaifukia ndani ya mchele siku tatu. Sasa inawaka, lakini herufi "k" inajiandika yenyewe, na kuna harufu ya maziwa yaliyolala. Nifanyeje? — Mwalimu, Kakamega

Pole sana, Mwalimu. Izime kwanza, kabla hujamaliza kusoma jibu hili. Chomoa chaja. Kama betri yake ni ile ya kutoka nje, itoe.

Mchele upike. Hauwezi kufyonza kilichojificha chini ya chipu, na hata ungeweza, shida yako si maji. Maji hukauka yenyewe. Kinachobaki ni sukari na masalia ya maziwa, na uchafu huo ukipata unyevu kidogo tu hupitisha umeme mahali usipotakiwa kupita. Hiyo "k" inayojiandika ni sukari inabonyeza kwa niaba yako.

Kuna jambo watu wengi hawalijui: laptopu iliyozimwa haijalala kabisa. Maadamu betri imo ndani, kuna njia za volti 3.3 na volti 5 zinazobaki na umeme usiku kucha zikingoja ubonyeze kitufe. Umeme huo ukikutana na unyevu, shaba huanza kuliwa: upande mmoja unayeyuka, upande mwingine unaota unga wa kijani. Siku zako tatu za mchele zilikuwa siku tatu za karamu hiyo. Ndiyo sababu laptopu ya chai huletwa kwangu ikiwa "nzima", kisha hufa baada ya mwezi na mwenyewe ameshasahau chai.

Kinachotakiwa ni kuifungua, kuchomoa betri kubwa, kuichomoa na ile ndogo ya duara, kisha kusugua bodi kwa mswaki laini na isopropili (alkoholi ya kusafishia) ya asilimia 99. Usitumie spiriti ya vidonda. Ile ya asilimia 70 karibu theluthi yake ni maji. Thina nayo hapana. (Nimeshaona bodi iliyooshwa kwa petroli. Ilikuwa safi sana. Haikuwaka.) Palipoota unga wa kijani lehemu huguswa upya. Ikiwa maziwa yamepenya chini ya chipu kubwa, mswaki hautoshi. Muulize fundi kama ana mashine ya kuosha kwa mawimbi ya sauti, na umuulize kabla hajashika bunduki ya hewa moto ya kung'olea chipu. Kibodi huenda ukainunua mpya. Ndiyo iliyopokea chai kwanza, na pengine ndiyo iliyookoa bodi. Mitihani yenyewe usiihofie: kwa laptopu nyingi diski hutolewa kwa skrubu moja na kusomwa kwenye mashine nyingine.

Siku nyingine ikitokea, chomoa chaja, shikilia kitufe cha kuzimia mpaka kioo kife, kisha igeuze kifudifudi kama hema ili chai irudi ilikotoka. Usiiwashe "nione tu kama inafanya kazi". Huko kuona tu ndiko kunakoua bodi nyingi kuliko chai yenyewe.

Nilinunua bodi ya mtumba ya Intel nijiundie kompyuta. Nikiweka prosesa ikaniponyoka, ikaangukia soketi, na pini kama tano zimelala. Rafiki yangu anasema nitupe. Nitupe kweli? — Mwanafunzi, Njoro

Usitupe, kijana wangu, wala usiiwashe. Pini mbili zikigusana umeme ukiwapo, unaweza kupoteza prosesa pia.

Zamani pini zilikuwa kwenye prosesa, ile chipu kuu ya kompyuta, na soketi ya bodi ilikuwa na matundu tu; ukizipinda umeharibu prosesa. Mwaka 2004 Intel ilizihamishia kwenye bodi, kwa soketi ya pini 775. Siku hizi kuna soketi yao yenye 1,700. AMD, washindani wao, wakafuata kwa kompyuta za kawaida za mezani mwaka 2022 na soketi ya AM5, pini 1,718. Kwa hiyo uzito wa kosa umehama kutoka kwa prosesa na kuja kwa bodi, na pini zenyewe zimezidi kuwa nyembamba.

Washa tochi ya simu kutoka ubavuni, si kutoka juu, na utazame soketi kupitia kamera ya simu nyingine ukiwa umevuta picha. Pini zote hulalia upande mmoja, kama mpunga wa Ahero upepo ukipita. Iliyopinda haijifichi, mwanga unaigonga tofauti na wenzake. Chukua sindano nyembamba ya kushonea, uisukume kidogo, utazame, uisukume tena. Kosa la wengi ni kuipeleka mbele na kuirudisha nyuma wakitafuta ikae sawasawa kabisa. Chuma hicho hakivumilii. Ikikaribia kulingana na jirani zake, iache. Prosesa ikibanwa itamalizia.

Pini ikikatika, bado si msiba. Nyingi kati ya pini hizo ni za ardhi (njia ya umeme kurudi) na za kuilisha prosesa umeme, na kila moja ina ndugu wengi wanaofanya kazi ileile. Zikikatika za memori, kompyuta itawaka lakini memori ya upande mmoja haitaonekana. Unaweza kuishi na hilo.

Mimi mwenyewe nilishazilaza pini kwa mkono wa sweta, asubuhi ya baridi, bodi ikiwa ya mteja. Uzi mmoja tu ulinasa. Nilizinyoosha kwa saa mbili, na tangu siku hiyo sifungui kifuniko cha soketi nikiwa na nguo ya kufumwa. Na hicho kifuniko cha plastiki ukikipata, kihifadhi. Ukija kuiuza bodi, mnunuzi anayejua kazi atakiulizia.

Nilikuwa nafunga feni ya prosesa, bisibisi ikateleza ikachora mstari kwenye bodi. Kompyuta inawaka ila inaona nusu ya memori. Bosi hajui. — Mhudumu wa saiba, Nakuru

Tuanze na bosi, maana hilo ndilo linalokunyima usingizi. Mwambie leo. Mficha uchi hazai, na kwenye kazi hii mficha bisibisi hulipa mara mbili. Fundi akiambiwa "ilianza tu kuonyesha memori nusu" atabadilisha memori kwanza, kisha atasafisha soketi, kisha atashuku prosesa, na kila hatua ina bei. Akiambiwa "bisibisi iliteleza hapa" anaweka kidole pale pale na kazi inakuwa ya nusu saa.

Sasa mchubuko wenyewe. Rangi ya juu ya bodi ni vanishi tu. Ikichubuka yenyewe peke yake huku shaba ikiwa nzima, hujaharibu kitu. Funika kwa vanishi ya bodi na uendelee. Lakini wewe tayari una dalili, kwa hiyo nadhani kuna njia imekatika. Weka maltimita, kile kipima umeme, kwenye mlio, gusa pande mbili za mchubuko kwenye njia ileile. Ikinyamaza, imekatika. Hiyo ni kwa tabaka la juu tu. Bodi ni kama chapati, ina matabaka, manne au sita na hata zaidi, na bisibisi iliyosukumwa kwa nguvu inaweza kufika la pili.

Njia iliyokatika huunganishwa kwa waya mwembamba kama unywele, chini ya hadubini. Kwa njia za kawaida ni kazi rahisi. Za memori ni kaidi. Tazama kati ya prosesa na nafasi za memori, utaona mistari inayokwenda kwa kujikunja kunja kama barabara ya mlimani. Si mapambo. Mistari hiyo imepimwa ilingane urefu ili ujumbe wote ufike kwa pamoja. Kiraka kifupi, kilicholala juu ya njia ya asili, huwa kinakubali. Kirefu, chenye kuzungukazunguka, kitakupa kompyuta inayoganda bila sababu, na hiyo ni mbaya kuliko iliyokufa.

Kama fundi huyo hapatikani hapo Nakuru, hamisha vipande vyote vya memori kwenye nafasi zinazofanya kazi. Spidi itapungua kidogo. Kwa kujaza fomu na kuchapisha barua, hakuna mteja atakayegundua.

Nilihamisha bodi kwenye kasha jingine. Nikiwasha, feni inazunguka sekunde moja inazima. Kwenye kasha la zamani ilikuwa salama. — Msomaji, Bungoma

Ndani ya kasha kuna vimiguu vya shaba vinavyoinua bodi isiguse bati. Kasha ulilohamia lilikuwa na kimiguu mahali ambapo bodi yako haina tundu, nacho sasa kinagusa lehemu kutoka chini. Hiyo ni shoti, na pawa saplai inajizima kujilinda. Ishukuru.

Toa bodi, iweke juu ya boksi la karatasi ngumu, acha prosesa na feni yake na memori moja, ujaribu hapo. Ikiwaka, hesabu matundu ya bodi na ung'oe kila kimiguu kilichozidi. Na usiijaribu juu ya ule mfuko wa rangi ya fedha iliokuja nao. Mfuko huo una madini yanayopitisha umeme.

Umeme ulikatika nikiwa katikati ya kusasisha bayosi. Sasa feni inazunguka, kioo cheusi. Nimeua bodi? — Msomaji, Siaya

Hujaua, umeifuta kumbukumbu. Bayosi, ile programu inayoamsha kompyuta, hukaa kwenye chipu ndogo, mara nyingi ya miguu minane, na yako sasa imeandikwa nusu. Bodi nyingine zina kitufe nyuma cha kuandika bayosi kutoka kwenye flashi hata bila prosesa. Soma kitabu chake kwanza. Kama hakuna, fundi mwenye kifaa kidogo kiitwacho CH341A ataibana chipu kwa kibanio na kuiandika upya. Mkumbushe asome namba ya chipu kabla ya kubana, kwa sababu kuna za volti 3.3 na kuna za volti 1.8, na ukiipa ya pili umeme wa ya kwanza ndipo utaiua kweli. Siku nyingine sasisha laptopu ikiwa na betri iliyojaa. Kama ni ya mezani, azima UPS, ile betri ya akiba. Na mawingu yakiwa yamekusanyika juu ya ziwa, acha kabisa.

Jirani alinishauri nioke bodi kwenye ovena ili lehemu ijikaze. Anasema yake ilifufuka. — Mchezaji magemu, Lanet

Yake ilifufuka, namwamini. Muulize iko wapi sasa.

Lehemu ya zamani yenye risasi huyeyuka kwenye nyuzi 183. Umoja wa Ulaya ulipobana matumizi ya risasi Julai 2006, viwanda vingi vikahamia lehemu isiyo na risasi, nayo huyeyuka karibu na nyuzi 217. Ukiweka ovena yako nyuzi 200, lehemu haiyeyuki, ila nafasi za plastiki zinapinda na kapasita zinavimba. Kilichofufuka kwa jirani ni mguso mbovu ndani ya chipu uliopanuka kwa joto, na hurudi kuachana baada ya siku au wiki chache. Halafu ovena hiyo ndiyo ya keki za watoto. Hapana.

Nilimwaga soda kwenye laptopu ya miezi minne. Duka linasema waranti haihusiki. Wananionea? — Msomaji, Busia

Hawakuonei. Sheria ya Kenya ya kuwalinda watumiaji, ya 2012, inakukinga na bidhaa mbovu, haikukingi na soda. Waranti nyingi huondoa ajali za mtumiaji waziwazi, na laptopu nyingi zina vibandiko vidogo ndani vinavyogeuka rangi vikilowa, kwa hiyo usipoteze nauli kwenda kubisha. Soma jibu la Mwalimu hapo juu na uwahi.

Fundi wa kwanza alisema bodi nzima ibadilishwe, na bei yake inakaribia laptopu nyingine ya mtumba. Nikubali? — Mama wa duka, Kibuye

Inategemea alifikaje hapo, Mama. Bodi iliyokufa ghafla mara nyingi ina kapasita moja au transista moja iliyopiga shoti kwenye njia ya volti 19, ile inayoingia kutoka kwa chaja. Kipande hicho ni kidogo kuliko punje ya mchele, na kukibadilisha si kubadilisha bodi. Kwa hiyo muulize ni njia gani ina shoti na maltimita ilisoma nini. Akikuonyesha chipu kuu iliyopasuka au matabaka yaliyoungua mpaka ndani, mshukuru, mlipe ya uchunguzi, na ununue ya mtumba. Diski yako itoe ubaki nayo. Lakini kama alitoa bei hiyo bila kufungua hata skrubu moja, chukua laptopu yako na uende meza ya pili.