Re: Sanamu za zimwi la Frankenstein, naweza kuuza nikiwa Goma?

Ndugu yangu, umeuliza kama unaweza kuchonga zimwi la Frankenstein na kuwauzia wakusanyaji wa nje. Unaweza, ila angalia unachukua sura ipi. Riwaya ya Mary Shelley ya 1818 haina tena mwenye hakimiliki. Kile kichwa bapa chenye vyuma shingoni ni kazi ya Jack Pierce kwa filamu ya 1931 ya kampuni ya Universal, usikiguse. Kitabuni zimwi lina nywele ndefu nyeusi zinazong'aa, meno meupe, midomo myeusi, na ngozi ya manjano isiyotosha kuficha misuli. Kwangu mimi hiyo inatisha zaidi! Anzia hapo.

Chonga kwa udongo, tengeneza kalibu ya silikoni, kisha mimina rezini, yaani plastiki ya majimaji inayogeuka ngumu. Koroga polepole, maana viputo hujificha puani na kwenye vidole, na mkusanyaji huviona kabla ya rangi. Toa sanamu chache, andika namba chini ya mguu, na usiongeze hata wakikubembeleza. Kitako cha kusimamishia sanamu ningekifanya kwa jiwe la volkano ya Nyiragongo, kipande chembamba tu, kwa sababu usafirishaji unalipiwa kwa uzito. Hiyo gharama iingize kwenye bei tangu mwanzo.