Babu Alikuja na Meli Gani? Anzia Chunya, Usianzie Bombay

Kila ninapokutana na mtu wa Mbeya au Iringa mwenye babu aliyetoka India, swali ni lile lile: orodha ya abiria wa meli nitaipata wapi? Huwa namjibu aiache kwanza, na najua jibu hilo halimfurahishi. Meli ina mvuto wake. Mtu anataka aone jina la babu limeandikwa kwa wino, pembeni tarehe, chini muhuri wa bandari. Lakini kwa abiria wa sitaha, wale waliosafiri na matandiko yao na masufuria yao kutoka India hadi Dar es Salaam, huko ni kwa kumalizia, na pengine usifike kabisa.

Tovuti zinazouza huduma ya kutafuta mababu zimejaa orodha za nchi nyingine. Za Ellis Island ni za walioingia New York, 1892 hadi 1954. Za Uingereza, zilizohifadhiwa kwenye Nyaraka za Taifa za huko, Kew, London, kwa namba BT 26 na BT 27, ni za meli zilizoingia na kutoka bandari za Uingereza, na zinaishia 1960. Kama babu yako alikuwa Mwingereza wa chai kule Mufindi aliyepandia London, lipia, BT 27 itakufaa sana. Mgujarati aliyevuka Bahari ya Hindi moja kwa moja hakupita huko, na hela yako itakuwa imekwenda bure.

Wangu alikuwa sonara wa Porbandar, mji wa bandari huko Gujarat. Alifika Chunya miaka ya 1930, dhahabu ya Lupa ilipokuwa imewachanganya watu akili, akaoa bibi yangu, Mnyakyusa wa Tukuyu, akazeekea Mbeya. Alikuwa Baniani, kwa hiyo alichomwa kwa mila ya kwao. Kaburi la kusomea tarehe hatuna. Wenzangu ambao babu zao walikuwa Ismailia au Bohora wanaweza kwenda makaburini na kalamu. Sisi ilibidi tutafute pengine.

Hadithi ya nyumbani ilikuwa imeshakamilika: babu alikuja na Karanja. Ukiwasikiliza Wahindi wa Mbeya, Iringa na Songea, utadhani kila mtu alikuja na Karanja. Kampuni ya meli ya British India ilikuwa na Karanja mbili kwenye njia hii. Ya kwanza ilianza kazi 1931, ikachukuliwa kwa shughuli za vita, ikapigwa mabomu na kuzama pwani ya Algeria Novemba 1942. Ya pili ilianza 1948 na ikaendelea mpaka 1976. Hii ya pili ndiyo iliyokaa vichwani, maana wazee waliopo leo waliiona kwa macho na wengine waliipanda kwenda Bombay kuoa au kutibiwa. Jina lake limezifunika nyingine zote, Khandalla, Takliwa, Tairea, Amra. Ukiambiwa mtu alikuja na Karanja mwaka 1945, jua kwamba mwaka huo hapakuwa na Karanja majini.

Usimbishie mzee, lakini. Andika meli, andika na mwaka, halafu uliza kwa vita: alifika kabla ya vita, vita vikiendelea, au baada? Watu husahau mwaka ila hawasahau janga. Familia nyingi za Kigujarati zinaikumbuka Tilawa, iliyotoka Bombay ikielekea Mombasa na Afrika Kusini, ikapigwa na nyambizi ya Wajapani tarehe 23 Novemba 1942, wakafa watu 280. Bibi akikwambia “tulivuka Tilawa ikiwa imeshazama,” hiyo ni tarehe nzuri kuliko mwaka wa kubahatisha.

Na bandari ya kupandia nayo usiikubali haraka. Kila mtu husema Bombay. Meli za British India zilikuwa zikisimama pia Porbandar na Bedi Bunder kuchukua watu wa Kathiawar, ile rasi ya Gujarat, kwa hiyo aliyetoka vijiji vya huko hakulazimika kuiona Bombay hata siku moja.

Kilichonifungulia mlango ni shangazi yangu mkubwa, anayekaa Soweto hapa Mbeya. Nilimwamkia, nikakaa, nikauliza kama wanavyouliza wote.

“Shangazi, babu aliingia nchini mwaka gani?”

“Sasa baba, mimi nilikuwepo?”

Nikabadilisha. Alipofika Chunya alifikia kwa nani? Hapo akawaka. Alifikia kwa Mhindi wa duka la vitambaa, aliyekuwa na gramafoni peke yake Chunya nzima. Alilazwa stoo, akawa anakatwa nauli ya meli kwenye mshahara. Na babu hakuipenda Itigi mpaka anakufa. Ukiitaja alitema mate, kwa nzi wa mbung'o na kiu aliyoipata kwenye lori.

Maelezo hayo mawili yana uzito kuliko meli kumi. Itigi iko kwenye Reli ya Kati. Mtu aliyeshukia Itigi kwenye treni na kupanda lori la Rungwa hadi Chunya aliingilia bandari ya Dar es Salaam. Nikaacha kuhangaika na Mombasa. Yule wa gramafoni ndiye muhimu zaidi. Babu alikuwa kijana wa stoo, hana kiwanja wala leseni, serikali haina sababu ya kumwandika. Mwenyeji wake alikuwa na duka, kiwanja cha mji mdogo, leseni ya biashara, pengine kesi ya deni. Mwenyeji ana karatasi nyingi kuliko mgeni. Mtafute mwenyeji, mgeni utamkuta nyuma yake.

Halafu sanduku. Kila familia ina sanduku la bati ambalo mtu analitumia kuhifadhia mashuka. Omba kwa heshima, na usitoe kitu bila kupiga picha kwanza kilivyokaa. La kwetu lilikuwa na mizani ndogo ya sonara na kikopo cha mbegu za turituri, zile nyekundu zenye doa jeusi, ambazo masonara wa India walipimia dhahabu kabla ya mawe ya gramu kuzoeleka. Watoto walikuwa wakizichezea. Wanyang'anye kwa upole, maana zina sumu. Chini yake kulikuwa na daftari refu la hesabu lenye jalada la kitambaa chekundu, limeandikwa Kigujarati.

Ukipata daftari la namna hiyo, tarehe zake zitakushangaza. Mwaka 1990 utaukuta kwenye karatasi iliyochakaa kabisa. Ni Vikram Samvat, kalenda ambayo Gujarat mwaka wake huanza baada ya Diwali, Oktoba au Novemba. Kwa tarehe kati ya Diwali na Desemba toa 57. Kwa tarehe kuanzia Januari hadi Diwali inayofuata toa 56. Samvat 1990 basi inaanza 1933 na kuishia 1934. Angalizo: watu wa Kutch na wa Jamnagar wana desturi ya kuanza mwaka mwezi wa Ashadh, katikati ya mwaka wetu, kwa hiyo jua kwanza ukoo wako ni wa wapi. Msomaji wa Kigujarati hakosekani. Muulize mzee yeyote wa mandir, hekalu la Wahindu, au mwenye duka la zamani. Mwambie asome kurasa za kwanza tu. Hesabu za bangili za watu hazitakusaidia, na kuna wateja ambao wajukuu wao wapo mjini hapa hapa.

Karatasi za serikali nazo zina mpangilio wake. Vyeti vya kuzaliwa vya watoto wa kwanza ni mahali pazuri pa kuanzia kule RITA, wakala wa serikali wa usajili, maana usajili wa Waasia ulitangulia ule wa Waafrika kwa miaka mingi, na cheti kina kazi ya baba na mahali alipokuwa akiishi. Watoto wa machotara ni bahati nasibu: wengine waliandikishwa upande wa baba, wengine hawakuandikishwa kabisa. Baada ya hapo tafuta karatasi za uraia. Uhuru ulipopatikana tarehe 9 Desemba 1961, wengi waliozaliwa nje waliomba kuandikishwa kuwa raia, na mwombaji alitakiwa kujieleza ametoka wapi na amekaa nchini tangu lini. Nakala ya fomu hiyo mara nyingi ilibaki nyumbani. Kwetu ilikuwa imekunjwa ndani ya pasipoti.

Pasipoti yenyewe isome polepole. Porbandar haikuwa chini ya Waingereza moja kwa moja, ilikuwa na mtawala wake hadi 1948, kwa hiyo watu wake waliandikwa kuwa walindwa wa Mwingereza, siyo raia wake. Maneno hayo yakiwepo, ujue unatafuta kijiji ndani ya dola la kifalme, na nyaraka zake leo ziko upande wa jimbo la Gujarat. Mahali pa kuzaliwa pia pameandikwa kwa majina ya kale: Kathiawar, au Cutch kwa herufi C.

Ukienda Nyaraka za Taifa Dar es Salaam, piga simu kwanza uulize masharti ya kuingia, kisha usiende na jina la babu peke yake. Mafaili ya mkoloni yamepangwa kwa wilaya na jambo: viwanja, leseni, madini, afya ya mji. Omba ya Jimbo la Nyanda za Juu Kusini. Ya Chunya mengine yamo ndani ya Mbeya. Jina utalikuta ndani, na halitafanana na lile unalolijua. Mgujarati hutumia jina lake, la baba yake, kisha la ukoo au kazi. Karani mmoja alichukua la pili, mwingine la tatu, na viambatisho vya bhai, lal na ji vikaingia na kutoka kama wapangaji. Andika sura zote za jina kwenye karatasi moja ukae nayo mezani. Gazeti la Serikali la Tanganyika lipitie pia, hasa matangazo ya mirathi. Magazeti ya kawaida yalitaja abiria wa madaraja ya juu. Wa sitaha hawakutajwa.

Linabaki suala la kuandika India, na hapa nenda taratibu. Babu wengi waliacha mke Gujarat kabla ya kuoa huku, na wajukuu wa kule huenda hawajui kwamba ninyi mpo. Barua yako ya kwanza itasomwa kama barua ya mtu anayedai shamba. Sema mapema kwamba hutaki mali, weka picha ya babu akiwa kijana, iandike kwa Kigujarati ukiweza. Usiombe pedhinamu, ni karatasi ya ukoo inayotolewa na ofisi ya kijiji na hutumika kwenye mirathi, ukiitaja tu watanyamaza. Uliza badala yake Barot wa ukoo ni nani. Koo nyingi za Gujarat zina Barot wao, mtunza vitabu vya majina kwa kurithi, na akipita kijijini huandika waliozaliwa. Watoto wa Afrika hawamo kwa kawaida, lakini babu atakuwemo, na baba yake, na babu yake. Mlipe chochote atakachotaja kwa heshima, na umwombe ndugu aliye karibu apige picha ya ukurasa mzima, siyo mstari wenu tu.