Kabla hujapangwa sauti ya tatu

Kwaya nyingi hapa Mwanza, kuanzia Igogo hadi Buhongwa, zina mafungu manne: soprano, alto, tenori na besi. Kijana mgeni akija mazoezini anapandishwa do-re-mi, na akifika juu bila kukwama anaambiwa, "Nenda sauti ya tatu," yaani tenori. Tenori ni adimu, kila mwalimu anawatafuta. Nimefundisha kwaya za vijana upande wa Kirumba kwa miaka, na ninakusihi: usikubali kupangwa kwa sababu ya noti moja ya juu.

Kufika juu ni jambo moja, kukaa huko ni jingine. Wanaume wengi si tenori wala besi. Ni baritoni, sauti ya katikati. Wanawake wengi nao wako kati ya soprano na alto, yaani mezo-soprano. Kwa kuwa mafungu ni manne tu, watu hawa husukumwa juu au chini. Baritoni anaweza kuigusa noti ya juu ya tenori, tena vizuri. Mpe aiimbe beti zote na viitikio vyake, ndipo utajua.

Mwangalie shingo. Tulikuwa na kijana mvuvi wa dagaa, aliyekuja mazoezini hasa wakati wa mbalamwezi, wavuvi wanapopumzika. Wimbo ukipanda, kidevu kinapanda nao, mishipa ya shingo inamtoka, na baada ya ibada anaongea kwa mkwaruzo. Nilimhamishia besi. Noti za chini kabisa zilimpotea, lakini pale katikati sauti yake ilijaa kanisa zima! Tukakubaliana zile za chini mno awaachie wenzake.

Ukitaka kujipima mwenyewe, hesabu moja hadi kumi kwa sauti yako ya kuongea, kisha vuta neno la mwisho liwe noti. Panda taratibu kutoka hapo, bila kupaza, hadi uhisi sauti inataka kuhama kutoka kifuani kwenda kichwani. Kwa tenori badiliko hilo huja juu zaidi kuliko kwa baritoni. Kama wimbo unakuweka hapo hapo muda wote, fungu hilo si lako. Usijipime asubuhi ukitoka kitandani, sauti huwa nzito.

Mvulana ambaye sauti yake inavunjika, muacheni kwanza. Nyuzi za sauti zinarefuka na kunenepa, na sauti ya leo si ya kesho.

Wapo wanaochanganya aina ya sauti na mtindo. Nenda Bujora, Kisesa, wakati wa Bulabo, sherehe ya ngoma za Wasukuma, usikilize Bagika na Bagalu, makundi mawili ya wachezaji, wakishindana. Manju, yule anayeongoza nyimbo, anaimba uwanjani, koo wazi, sauti ya kifua inayopasua kelele za watu. Kwaya inataka sauti zilainike ziingiane. Mtu yuleyule anaweza kujifunza yote mawili, na mimi nawapenda waimbaji waliokulia ngomani kwa sababu pumzi wanayo. Lakini urefu wa nyuzi zake hauongezwi wala kupunguzwa na mazoezi.

Mwalimu akikataa kukuhamisha, mwombe kwa heshima ashushe ufunguo wa wimbo, hata nusu hatua tu. Na sauti ikikwaruza zaidi ya wiki tatu, acha tangawizi, nenda ukamwone daktari wa masikio, pua na koo. Hospitali ya Bugando wapo.