Paja lililosinyaa ndani ya plasta halijazwi kwa kukandwa

SWALI: Assalaam alaykum, daktari. Mwanangu ana umri wa miaka 24. Alianguka mkarafuuni akavunjika muundi wa mguu wa kulia, akafungwa plasta kuanzia pajani hadi karibu na vidole kwa muda wa wiki 8. Plasta imetolewa wiki 2 sasa, picha ya eksirei imeonesha kuwa mfupa umeunga, na hospitali wamemruhusu kukanyaga. Lakini paja limekuwa kama la mtoto mdogo. Tunamkanda kila usiku kwa mafuta ya nyonyo yaliyochemshwa na karafuu, wala halijai. Jamaa wanasema mshipa umekufa, na kuna mtu ana sindano ya kurudisha nyama. Je, tumpeleke? Na msimu ujao ataweza kupanda? (Mama, Wete)

JIBU: Waalaykum salaam, mama, na poleni kwa mkasa huo.

Nianze na hilo la mshipa, kwa kuwa ndilo lililowatia hofu. Kiswahili chetu kimelitwika neno hili mizigo mingi: neva inayopeleka amri za ubongo, njia ya damu, kano, hata ngiri, na mtu akishasema kwamba mshipa umekufa hakuna anayemuuliza ni upi. Mlazeni kijana chali, mguu umenyooka, kisha mwambieni akaze paja kana kwamba anataka kulibandika goti kwenye godoro. Mkiona pia ya goti inavutwa juu kidogo, hata kwa unyonge, neva ya paja inafanya kazi. Halafu avute wayo na kidole gumba kuelekea usoni kwake. Akiweza, na akihisi pamba ikipitishwa juu ya wayo, hapana mshipa uliokufa. Asipoweza kuunyanyua, ukawa unaning’inia, basi arudi hospitali bila ya kungoja, kwa sababu iko neva inayopita ubavuni mwa mguu, chini kidogo ya goti, ambayo plasta huweza kuibana, na hilo ni jambo la daktari.

Nikichukulia kwamba majaribio hayo atayaweza, kilichompata ni kusinyaa kwa misuli kwa kukosa kazi. Msuli haukai kama tofali lililokwisha kuchomwa. Kila siku mwili unabomoa sehemu ya protini zake na kujenga nyengine, na kinachoufanya uendelee kujenga ni mzigo. Goti likifungwa lisikunjike, ujenzi unapungua ndani ya siku chache tu. Nyuzi za msuli zinakuwa nyembamba, ingawa kwa sehemu kubwa hazifi, wala hazigeuki mafuta kama wengi wanavyoamini. Msuli wa mbele ya paja ndio unaoumia zaidi, na ndiyo maana mfupa ulivunjika chini ya goti lakini nyama iliyotoweka ni ya juu yake. Nguvu nayo hupungua kuliko unene, kwa kuwa hata ubongo unapoteza mazoea ya kuuamrisha msuli huo wote kwa pamoja. Kwa hiyo asistaajabu mguu ukimlegea anaposhuka ngazi. Awe na gongo mkono wa kushoto, upande wa mguu mzima, mpaka aache kuchechemea.

Sasa nije kwenye kukanda, na hapa mtanisamehe nikisema kwa ukali kidogo, maana haipiti wiki bila ya mgonjwa kuniambia kwamba ameshafanya mazoezi, na nikimuuliza yapi, ananijibu kuwa alikandwa. Tazameni vizuri tendo lenyewe. Kijana amelala, mguu umelegea, na mkandaji anavuja jasho. Anayefanya mazoezi hapo ni mkandaji, na mikono yake ndiyo itakayonenepa. Paja haliwezi kujua kuwa linahitajika mpaka lijikaze na kuunyanyua uzito lenyewe. Mafuta ya nyonyo yatalainisha ngozi iliyokauka ndani ya plasta, na mkono mwepesi unaweza kutuliza maumivu na kumpa usingizi, na kwa hayo sina ugomvi na mtu. Ugomvi wangu ni ile saa nzima ya kila usiku ambayo familia inaridhika kuwa matibabu yamefanyika, kumbe msuli haujaguswa na kazi hata ya dakika moja.

Zaidi ya hayo, kukanda kwa nguvu kuna hatari zake. Mtu aliyetoka kwenye plasta anaweza kuwa na damu iliyoganda ndani ya mguu. Shavu la mguu likivimba upande mmoja, likawa na joto na maumivu, msiliguse, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo. Donge la damu likitoka hapo likafika kwenye mapafu huweza kuua, na mwenye dalili hiyo akianza kubanwa na pumzi au kuumwa na kifua apelekwe hospitali saa hiyohiyo.

Kazi yenyewe si ya kutisha wala haihitaji mashine. Aweke taulo lililokunjwa chini ya goti, alisukume chini kwa kukaza paja, ahesabu hadi 5, alegeze. Mara 10, na arudie hivyo mara 3 au 4 kwa siku. Kisha anyanyue mguu ulionyooka, kiasi cha shubiri mbili kutoka kitandani, aushushe taratibu. Likizoeleka hilo, aanze kukaa barazani na kuinuka bila ya kujisukuma kwa mikono, na hapo mtazameni kwa makini, kwa sababu karibu kila mgonjwa ataibia: atauegemeza mwili kwenye mguu mzima, na huo mguu mgonjwa utakuwa umesindikiza tu. Aurudishe nyuma kidogo mguu mgonjwa, ule mzima autangulize mbele, ili mzigo umwangukie anayestahili. Kila zoezi likiwa jepesi liongezewe uzito, hata mfuko wa kilo 1 ya mchele ukifungwa kwenye kifundo unatosha kwa kuanzia. Msuli uchoke, usipochoka hajafanya kitu. Maumivu makali pale palipovunjika, au uvimbe mpya, ni sababu ya kusimama na kumuona daktari wake. Chakula nacho kina sehemu yake: dagaa, mayai, kunde, choroko, samaki wa aina yoyote. Supu ya pweza mnayoisifu ni nzuri, ila ukiinywa umelala inabaki kuwa supu.

Chukueni utepe wa fundi cherehani, mpime sentimita 15 juu ya pia ya goti kwa miguu yote miwili, muandike, na mrudie kila baada ya wiki 2. Msitarajie makubwa katika wiki za mwanzo, kwani nguvu hutangulia na unene hufuata nyuma, na kurudi huchukua muda mrefu kuliko kulivyochukua kupotea. Kuhusu mkarafuu, msimu uacheni, angalieni mguu. Akiweza kuinuka kwenye kiti cha kawaida kwa mguu wa kulia peke yake mara 10 bila ya kuyumba, na kusimama kwa ncha za vidole vya mguu huo mara 20, na daktari akaridhika na mfupa, tutazungumza. Kabla ya hapo akae chini achambue karafuu.

Kwa huyo mwenye sindano, msimpeleke. Hakuna sindano inayorudisha nyama iliyosinyaa kwa kukosa kazi. Ipo sindano inayoweza kuleta balaa, kwani ikipigwa pasipostahili takoni huidhuru neva kubwa ya mguu, na hapo ndipo mtakapokuwa na mshipa uliokufa kweli. Vidonge vya kunenepesha vinavyouzwa bila ya boksi ni shari hiyohiyo. Vingi vya namna hiyo huwa na deksamethasoni, dawa nzuri mikononi mwa daktari anayejua anachokitibu, lakini ikimezwa ovyo hujaza uso maji na mafuta huku ikiila misuli ya mapaja na nyonga. Mtu anajitazama kwenye kioo mashavu yamejaa, anafurahi, na wakati huohuo hawezi tena kuinuka chooni.

Na afadhali vijana, ambao wataamka tu siku moja kwa kuchoshwa na kitanda. Ninaowahofia zaidi ni wazee, ambao kwao sisi tunaowapenda ndio tunaowadhoofisha. Wanaanga, ambao miguu yao haibebi mwili huko juu, hufanya mazoezi kwa karibu saa 2 kila siku ili wasirudi wamenywea. Na wazee wenye afya njema waliolazwa kitandani siku 10 kwa ajili ya utafiti walipoteza karibu kilo 1 ya nyama ya miguu. Siku 10 tu. Sisi tunamwambia mama mwenye homa asiinuke hata kufuata maji, na homa ikiondoka tunaendelea kumletea kila kitu alipo.

Niliwahi kuletewa bibi mmoja wa kusini mwa Pemba, ametoka eda. Hakuanguka, hakupata kiharusi, sukari yake ilikuwa sawa. Kwa miezi 4 na siku 10 wajukuu walimkalisha kwenye kiti pembeni mwa chumba, maji yalimfuata, chakula kilimfuata, hata udhu aliletewa beseni, na walifanya yote hayo kwa mapenzi na kwa kudhani ndiyo heshima ya eda. Eda ilimtaka akae nyumbani. Hakuna aliyemkataza kutembea ukumbini, kwenda jikoni au kuinuka kwa ajili ya sala. Siku ya kwanza niliyomuona alishindwa kusimama bila ya watu wawili kumshika makwapani, na nilipomkunjia gauni kidogo juu ya magoti niliweza kuuzungusha mkono wangu mmoja kwenye shavu la mguu wake. Tulianza kwa kuinuka kitini mara 3, ameshikilia fremu ya mlango, asubuhi na jioni. Wajukuu walipotaka kumsaidia, yeye mwenyewe aliwafukuza.