Mtoto akitoka thieta (chumba cha upasuaji) muulize anakumbuka nini, ila usimtilie maneno mdomoni

Mwanangu alikatwa mafindofindo ana miaka saba, hapa hapa Unguja, hospitali siitaji. Siku ya tatu tumekaa barazani anafyonza barafu, mara ananambia mama, mie niliwasikia wanasema "fungua mdomo", nikataka kujibu, ulimi ukawa hautaki.

Mie nikacheka, n'kamwambia umeota wewe. Bibi yake ndo kabisaa, eti shetani wa hospitali. Mtoto akanyamaza, ila usiku hataki taa izimwe.

Basi nikamrudisha kwa yule kaka wa dawa ya usingizi. Wallahi hakutucheka. Kamuuliza: cha mwisho unachokumbuka kabla hujalala nini? Cha mwanzo ulipoamka? Katikati je? Uliota? Basi, hakumtajia sauti wala maumivu, maana mtoto ukimuuliza "ulisikia wanakukata?" atakwambia ndio hata kama hakusikia. Mwanangu akasema maski ina harufu ya gundi, halafu hakuna kitu, halafu "fungua mdomo" na pazia la buluu. Kumbe pazia la buluu liko chumba cha kuzindukia, thieta hamna! Walikuwa washamtoa mpira wa kupumulia wa kooni, wanamfyonza mate kwa mashine, dawa haijamwisha. Akamshika mkono akaenda kumuonyesha pazia lenyewe.

Lakini kusikia kweli katikati ya operesheni kupo, hasa mgonjwa akipewa dawa ya kulegeza misuli, gesi ya usingizi ikipungua hawezi kutikisika akawaashiria. Melbourne kule Australia waliwahoji watoto 864 wa miaka 5 hadi 12, utafiti ukatoka 2005, wakaona 7 walikuwa macho kweli. Wachache, ila wapo.

Nikamuuliza mashine ya kujua mtoto kalala kweli ipo? Akasema kipo kibandiko cha kipajini kinasoma umeme wa ubongo, namba 0 mpaka 100, wanataka iwe 40 mpaka 60, ila kwa vichanga haiaminiki sana, na ketamini, dawa nyingine ya usingizi, inaivuruga. Wanachotazama zaidi ni gesi kwenye pumzi anayotoa mtoto, presha, mapigo ya moyo.

Kwa hiyo shoga yangu, kabla ya operesheni muulize anayemlaza mwanao atatazama nini, usione haya, mie niliona haya nikabaki kuuliza choo kiko wapi. Na muulize mtoto siku ile ile, halafu tena siku ya tatu, halafu baada ya mwezi, maana wengine husema kwa kuchelewa. Akianza kuota vibaya au kukojoa kitandani, mrudishe kwa waliomlaza.

Wangu taa kaizima mwenyewe baada ya wiki hivi.