Simile, metaphor na wenzake: usikariri maana kama nilivyokariri mimi

Nilipoingia fomu faivu, HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza), nilikuwa na kaunta buku moja ambayo sikumwazima mtu. Ndani nilijaza istilahi za fasihi ya Kiingereza kama 60 hivi, kila moja na maana yake chini, na nikakesha nazo mpaka ukinigusa tu natiririsha, simile ni hivi, personification ni vile, onomatopoeia hata spelling yake sikosei. Likaja jaribio la kwanza la ushairi. Nikaandika kurasa tatu, nikatoka na 9 kwa 25, na pembeni mwalimu ameandika kwa wino mwekundu neno moja, mara nne: Halafu?

Niliumia sana, maana kila kifaa cha fasihi nilichokitaja kwenye lile shairi kweli kilikuwepo. Nikamfuata mwalimu ofisini. Hakunipa desa wala nini, aliniuliza swali tu kwa Kiswahili, mtu akikwambia jirani yako ni fisi unaelewa nini? Nikamjibu, ni mroho, anavizia, hana aibu, anakula hata kisicho chake, na huyo anayeniambia anataka nimwogope. Akasema, sasa mbona hapo hujaniambia "msemaji ametumia sitiari" ukanyamaza?

Sasa hivi nafundisha pindi za jioni na nakuta wanafunzi wamekwama palepale. Nachowaambia ni kwamba vifaa hivi unavijua tayari, umeongea navyo tangu uko mdogo, kigeni ni jina tu. Kwahiyo anza na Kiswahili chako. Simile ni tashbiha, ina "kama" au "mithili ya", na Kiingereza kina "like" au "as". Metaphor ni sitiari, hamna "kama" hapo, unasema kitu ndo kitu kingine. Mi nilisaidika sana siku nilipojua majina yenyewe yametoka wapi. Metaphor ni neno la Kigiriki la kuvusha, kubeba kitu toka huku kupeleka kule, na sitiari imetoka kwenye Kiarabu cha kuazima. Yani anayeita jirani fisi ameazima tabia za fisi akamvisha jirani. Ukishaiona hivyo hutahitaji kukariri, kila ukikutana na metaphor unajiuliza ameazima nini, kwa nani, na kwanini akaazime huko na sio kwingine. Tashihisi nayo, ambayo ndo personification, asili yake ni neno la Kiarabu la mtu. Kitu kimepewa utu. Basi, umemaliza.

Twende kwenye mfano wa kweli, maana bila mfano haya yote yanabaki hewani. Kuna mshairi Mwingereza anaitwa Wilfred Owen, alipigana Vita ya Kwanza ya Dunia na akauawa tarehe 4 Novemba 1918 akiwa na miaka 25, wiki moja tu kabla vita haijasimama. Shairi lake maarufu, "Dulce et Decorum Est", linaanza hivi: "Bent double, like old beggars under sacks". Wanajeshi wamejikunja kama ombaomba wazee chini ya magunia. Mwanafunzi wa kukariri ataandika mshairi ametumia simile, ataruka mstari, ataenda kwingine. Lakini hebu kaa nayo kidogo. Hawa ni vijana, ameazima uzee. Hawa wana sare za jeshi, ameazima magunia. Hawa ndo wale waliopigiwa tarumbeta wakaambiwa ni mashujaa, ameazima ombaomba, mtu ambaye ukimuona barabarani unageuza uso. Maneno saba tu na ile picha ya askari anayetembea kifua mbele imeshavunjika kabla shairi halijafika popote. Hilo ndo jibu la ile "Halafu?" ya mwalimu wangu, na ndo alama zilipo. Unadokoa maneno yenyewe, unasema nini kimelinganishwa na nini, halafu unakaa kwa muda mrefu kwenye kwanini. Wengi wanafanya kinyume, maana ya istilahi wanaipa sentensi tatu na kwanini hawaipi hata moja. Msahihishaji anajua simile ni nini, usimfundishe.

Ila kuanzia kwenye Kiswahili kuna mahali kunaponza, na hapa nawaomba muwe makini kwa sababu nimeona watoto wazuri kabisa wanapoteza alama. Kwanza ni sauti. Sisi vina tunaviona kwa macho, mshororo ukiishia na "ka" na mwingine "ka" umemaliza, herufi zetu haziongopi. Kiingereza kinaongopa. "Love" na "move" zinafanana kwenye karatasi lakini hazina kina kimoja, wakati "blue", "through" na "shoe" zina kina kimoja japo ukizitazama huwezi kudhani. Alliteration, yani maneno ya karibu kuanza na sauti moja, hivyohivyo, "city" na "cat" zote zina c mwanzoni lakini sio alliteration, "know" na "night" ndo alliteration kwa sababu ile k haitamkwi. Kwahiyo soma shairi la Kiingereza kwa sauti, hata kama ni kwa kunong'ona bwenini, usilisome kwa macho tu.

Na mizani. Tumezoea kuhesabu silabi, nane huku nane huku, 16 kwa mshororo, na kila silabi ina haki sawa. Waingereza wanasikiliza mkazo. Ule mstari wanaouita iambic pentameter una silabi 10 kwa kawaida, ila uhai wake ni mapigo matano, silabi nyepesi kisha nzito, nyepesi kisha nzito. Kwetu mkazo unakaa silabi ya pili kutoka mwisho karibu kila neno kwahiyo hatuufikirii, kwao unahama, hata "record" ya santuri na "record" ya kurekodi zinatofautiana mkazo. Usipousikia mkazo, kuhesabu silabi peke yake hakukufikishi.

Pili ni irony, hiyo nadhani ndo inaongoza kwa kuchanganywa. Watu wanaitafsiri kejeli wanaishia hapo. Kejeli ni chumba kimoja tu, nyumba nzima ni kinaya, yani kinachosemwa au kinachotegemewa ni hiki na ukweli ni ule. Chukua Julius Caesar ya Shakespeare, ambayo Mwalimu Nyerere aliitoa kwa Kiswahili mwaka 1963. Antony, rafiki wa Kaizari (ndo Caesar huyo), ameruhusiwa aongee kwenye mazishi yake kwa sharti asiwalaumu waliomuua Kaizari. Sasa afanyeje? Anasema Brutus, mmoja wa wauaji hao, ni mtu wa heshima. Anarudia tena, na tena, na kila akirudia anaweka pembeni yake jambo jema alilofanya marehemu, mpaka lile neno heshima linaoza mdomoni na umati unageuka wenyewe. Kwa maneno hayo sharti hajalivunja! Hiyo ni verbal irony, na ukiandika kwamba ameitumia kwa sababu amefungwa mdomo, tayari una nondo ambayo wengi hawana. Dramatic irony ni pale mtazamaji anajua asichokijua mhusika. Mfalme Oedipus wa Wagiriki anamlaani muuaji wa mfalme aliyemtangulia na kuapa atamsaka, na watazamaji wanajua muuaji ni yeye mwenyewe. Kejeli hapo haipo, hamna anayemkejeli mtu.

Theme nisiichelewe. Ni dhamira, ila usiandike "theme ni mapenzi". Hiyo ni mada. Sema kazi inasema nini kuhusu mapenzi, kwa sentensi nzima yenye kitenzi.

Ile kaunta buku ninayo mpaka leo. Baada ya lile jaribio nilianza kuandika upande wa pili wa kila ukurasa, mkabala na maana, mstari mmoja wa shairi niliosoma kweli na chini yake neno la mwalimu, halafu, na nukta mbili. Nafasi iliyobaki chini ya zile nukta ndo nilikuwa naijaza kila usiku.